Namna ya kuiona saitoplazimu ikitembea ndani ya kitunguu

Walimu wenzangu wa biolojia hapa Bukavu, nawaomba jambo moja: msikimbilie iodini. Tumezoea kuidondosha mara moja ili kiini kionekane. Kitaonekana kweli, ila seli imeshakufa, na mwanafunzi anarudi nyumbani akiamini saitoplazimu ni ute uliotulia. Anzeni na maji.

Kwanza, tafuta kitunguu kigumu chenye maji. Cha soko la Kadutu kinafaa kabisa. Chukua ganda nene, na upande wake wa ndani, ule uliobonyea, chora kwa wembe mraba wa milimita 5. Bandua utando usio na rangi bila kuukunja.

Pili, uache ndani ya maji safi dakika 10 hadi 15. Wengi huiruka hatua hii, kisha hulalamika kwamba hawakuona kitu. Seli ikitoka kukatwa hushtuka, na mwendo wake husimama kwa muda.

Tatu, uweke kwenye slaidi na tone la maji, funika bila viputo. Anza na lenzi ya 10, halafu ya 40. Umeme ukikatika, hadubini ya kioo hutosheka na mwanga wa dirishani, lakini kamwe usiielekeze kwenye jua lenyewe. Punguza mwanga kwa dayaframu, yaani tundu la chini ya slaidi linalobanwa na kufunguliwa. Mwanga mkali hufuta kila kitu.

Nne, na hapa msiwe na haraka. Angalia kandokando ya ukuta wa seli na kwenye nyuzi zinazokatiza vakuoli (mfuko mkubwa wa maji katikati ya seli) kuelekea kiini. Utaona chembe ndogo, miongoni mwake mitokondria, zinazoipatia seli nishati. Zile zinazotetemeka papo hapo zinapigwapigwa tu na molekuli za maji. Hata chembe zisizo na uhai hufanya hivyo. Tafuta zile zinazosafiri, zenye njia na mwelekeo. Hizo zinabebwa. Protini ya miosini hushika mzigo na kutembea juu ya uzi wa aktini, na kila hatua, ya nanomita 35 hivi, hugharimu molekuli moja ya ATP, kemikali inayobeba nishati ndani ya seli. Mwitalia Bonaventura Corti aliuona mtiririko wa namna hii ndani ya mmea wa majini mwaka 1774, kwa hadubini duni kuliko za shule zetu!

Tano, pima. Soma namba ya upana wa uwanja iliyoandikwa kwenye lenzi ya jicho, si ile ya ukuzaji kama 10x. Ikiwa 18, igawe kwa 40 ya lenzi unayotumia: upana unaouona ni milimita 0.45, yaani mikromita 450. Chembe ikivuka sehemu moja ya kumi kwa sekunde 10, mwendo wake ni mikromita 4.5 kwa sekunde. Asubuhi ya baridi utapata mwendo wa polepole zaidi, kwa hiyo andika pia joto la chumba.

Sasa ndipo iodini. Dondosha upande mmoja wa kifuniko, vuta kwa karatasi upande wa pili, jicho likiwa bado kwenye lenzi. Safari zitakoma, kiini kitageuka kahawia. Msingojee rangi ya buluu, ambayo iodini huitoa ikikutana na wanga: kitunguu hakiweki akiba ya wanga.