Kuandaa nyumba ya kuuza au kupangisha nyanda za juu kusini: maji kwanza, mwanga unafuata, vyombo mwisho

Somo la leo ni la wenzetu wanaofanya kazi ya kuandaa nyumba kabla haijapigwa picha na kutembezwa wateja, pamoja na wenye nyumba wanaotaka kujifanyia wenyewe. Nimeliandika kwa ajili ya Mbeya, Iringa, Njombe na Rungwe, kwa sababu mafunzo mengi yanayozunguka mitandaoni yanaanzia kwenye mito ya makochi na maua ya mezani. Huku kwetu mteja akiingia sebuleni mwezi wa saba, kitu cha kwanza anachofanya ni kuvuta hewa. Akisikia harufu ya unyevunyevu anaanza kukagua pembe za dari, na kuanzia hapo hata umpambie vipi, hakuamini tena.

Hatua ya kwanza: jua maji yanatoka wapi

Usinunue hata kopo moja la rangi kabla ya hatua hii. Nyumba zetu nyingi ni za tofali za kuchoma, mvua zinaanza Novemba zinakwenda hadi Aprili au Mei, na ukifika Tukuyu ndiyo karibu haikatiki. Tofali inanyonya. Ukipaka rangi juu ya ukuta uliolowa, itatoka magamba hata kabla mteja hajarudi kuiona nyumba mara ya pili.

Doa lenyewe litakuelekeza. Likiwa juu, usawa wa dari, mpandishe fundi aangalie bati: misumari iliyolegea, mpira wa msumari uliokatika, gata iliyoziba kwa majani ya milingoti. Mara nyingi tatizo linaishia hapo na gharama yake ni ndogo.

Doa likiwa chini na linapanda kutoka sakafuni, pitisha kiganja. Ukiona unga mweupe kama chumvi, maji yanatoka ardhini. Toka nje uangalie upande wa pili wa ukuta huo huo. Utakuta udongo umejaa hadi juu ya msingi, au mtu kapanda bustani ikagusa ukuta, au maji ya bafuni yanamwagwa hapo hapo. Ondoa udongo, chimba mfereji wa kuyapeleka maji mbali, na mwaga kokoto kuzunguka nyumba ili mvua isirushe tope ukutani. Ule unga usuguliwe kwa brashi kavu. Ukiuosha kwa maji, chumvi inarudi ndani ya plasta na itatokea tena.

La tatu ndilo linalochanganya watu: madoa meusi ya fangasi nyuma ya kabati la nguo na kwenye pembe za chumba cha kulala. Chukua kipande cha nailoni angavu, ukubwa wa sahani ya pilau, kibandike ukutani kwa soloteipu pande zote nne pasiwe na upenyo. Kiache siku mbili. Matone yakijikusanya nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, basi ukuta wenyewe una maji na unarudi kwenye yale mawili ya juu. Yakiwa mbele, upande wa chumba, ujue ni hewa ya ndani: nguo zinaanikwa chumbani, madirisha hayafunguliwi kwa sababu ya baridi, watu wanapikia ndani. Hapo dawa ni kufungua madirisha kila asubuhi na kusogeza kabati liache nafasi ya kama kiganja kutoka ukutani.

Kusafisha fangasi: kipimo kimoja cha jiki kwa vitatu vya maji, vaa glavu, fungua madirisha, paka, subiri kama robo saa, sugua, suuza, acha ukuta ukauke kabisa. Na tafadhali sana, jiki isikutane na dawa ya asidi ya kusafishia choo. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini, na kwenye bafu dogo lisilo na dirisha gesi hiyo inaweza kumuua mtu.

Ukuta ukishakauka ndipo fundi apige msasa, apake rangi ya chini, kisha rangi yenyewe. Rangi nyeupe iliyokolea krimu kidogo inakaa vizuri na mwanga wa huku. Nyeupe kavu kabisa inaonekana ya baridi siku za mawingu. Kwa nje, ile nusu mita ya chini ipakwe rangi nzito ya kijivu au kahawia. Mafundi wetu wanafanya hivyo siku zote na wana haki.

Hatua ya pili: mwanga

Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Oktoba jua la mchana linalalia kaskazini, na Juni ndipo linalala zaidi. Kwa hiyo madirisha yanayotazama kaskazini ndiyo yanayoingiza jua kipindi cha baridi. Aliye mjini asimame mlangoni: upande wa mlima Loleza ndio kaskazini. Chumba cha upande huo ndicho umuanzie mteja anapofika mwezi wa sita au wa saba, na ndicho usikizibe kwa pazia zito.

Toa nyavu za madirisha uzifue. Watu wanasahau hili, na wavu wenye vumbi la miaka unakula mwanga kuliko pazia. Punguza matawi yanayofunika dirisha. Taa ziwe za rangi moja nyumba nzima. Sebuleni na vyumbani weka zile za mwanga wa njano, kwenye boksi zimeandikwa 2700K au 3000K. Sebule yenye taa moja ya njano na nyingine ya bluu-bluu inaonekana chafu hata kama imedekiwa saa hiyo hiyo.

Jambo moja nalisema kila mahali: usiwashe jiko la mkaa ndani ili nyumba iwe na joto mgeni akifika. Hewa ya mkaa haina harufu ya kukuonya, na kila kipupwe inaua watu waliofunga milango. Kama nyumba ina baridi, fungua iingize jua saa tatu hadi saa sita, halafu funga.

Hatua ya tatu: vyombo

Hapa pafupi. Toa nusu. Picha za familia, kalenda za ukutani, viatu vya mlangoni, magunia ya mahindi ya korido, vyote vitafutiwe pa kukaa. Kochi lisizibe mlango wala dirisha. Kinachobaki kiwe cha huku: meza ya mbao ya msindano kutoka Mafinga ni nyepesi kwa rangi na kwa bei, na kikapu cha milulu cha Iringa kikikaa pembeni ya kochi kinatosha kuwa pambo. Zulia lifunike sakafu ya saruji pale mguu unapokanyaga kwanza, ila lisifunike ufa. Ufa wa sakafu mwambie mteja mwenyewe kabla hajauona. Kuandaa nyumba kwangu ni kuitengeneza na kuionyesha ilivyo, na anayekuja kuficha kasoro ananiharibia kazi mimi na wewe.

Hatua ya nne: picha

Simu ya kawaida inatosha. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa safi, kwa sababu simu inatoka mfukoni na mikono yetu ina mafuta. Simu ilale, isisimame. Simama kwenye pembe ya chumba, simu ikae usawa wa kifua, na mistari ya ukuta iwe wima kwenye kioo. Lenzi pana ya 0.5 iache; inafanya chumba kidogo kionekane ukumbi, mteja akifika anaona kadanganywa hata kama hukukusudia.

Muda mzuri ni kuanzia saa nne asubuhi, ukungu ukishapanda. Mbele ya nyumba ipigwe jua likiwa mgongoni kwako, hivyo nyumba inayotazama magharibi isubiri alasiri. Choo na jiko vipigwe pia. Tangazo lisilo na picha ya choo linamfanya mteja aogope. Usipige namba ya mita ya LUKU, watoto wa nyumba, wala hati yenye jina la mtu na namba ya kiwanja.

Hatua ya tano: maneno na kusambaza

Andika ambacho picha haisemi: maji ya bomba yanatoka siku zipi, kuna tenki la lita ngapi, ni umbali gani kutoka lami na gari dogo linafika masika, kuna hati au ni mauziano ya serikali ya mtaa, bei, na kama inajadilika. Andika mtaa wenyewe, Isyesye au Gangilonga, maana watu wanatafuta kwa jina la mtaa. Status ya WhatsApp inafutika baada ya saa 24, kwa hiyo picha ziweke pia mahali pa kudumu ambapo dalali anaweza kuzichukua bila kukuomba kila siku. Kwa kujitangaza wewe mwenyewe, piga picha kabla na baada ya kazi ukiwa umesimama pale pale, na mwombe mwenye nyumba ruhusa kwa maandishi.

Maswali ya wanachama

Swali, kutoka Kihesa, Iringa: Shikamoo dada. Nyumba ina mpangaji ndani na vitu vimejaa. Mwenye nyumba anataka picha wiki hii. Nifanyeje?

Marahaba mdogo wangu. Zungumza na mpangaji kwanza, wewe mwenyewe, siyo kwa kumtumia ujumbe kupitia mwenye nyumba. Yule ndiye anayepoteza makazi, na akikukasirikia kila mteja atakayekuja atakuta mlango umefungwa. Mwombe asubuhi moja, msaidie kusogeza vitu, mlipie msichana wa kufanya usafi. Vitu vyake binafsi visionekane kwenye picha hata moja. Chumba anachokataa, kiache.

Swali, kutoka Tukuyu: Tumepaka rangi mara mbili, fangasi wanarudi pembe ile ile. Fundi anasema tupake rangi ya mafuta.

Rangi ya mafuta inafungia maji ndani, plasta itaanza kubanduka. Fanyeni kwanza kile kipimo cha nailoni, kisha muangalie gata ya upande huo mvua ikiwa inanyesha. Simameni nje na mwavuli mtazame maji yanapita wapi. Gata iliyolala vibaya haionekani siku ya jua.

Swali, kutoka Uyole: Dada, kwa heshima, mimi naona haya ni mambo ya Marekani. Mnunuzi wa huku anataka kiwanja na hati.

Kaka yangu, ni kweli biashara hii ilianzia Marekani; Barb Schwarz, aliyekuwa akiuza nyumba jimbo la Washington, ndiye anayetajwa kuianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1970. Na ni kweli pia kwamba kwa anayenunua ili abomoe ajenge upya, maandalizi ni hasara, fyeka nyasi basi. Lakini nyumba za kupangisha karibu na vyuo, na za familia zinazohamia kikazi, zinachaguliwa kwenye simu kabla mtu hajapanda basi. Huyo hati haioni, anaona picha.

Swali, jina nimehifadhi: Mwanaume kaniita niandae nyumba ya kuuza, lakini mke wake alionekana kushangaa nilipofika.

Simamisha kazi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inazuia mume au mke kuuza, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kaa nao wote wawili sebuleni, uliza wazi, na ukisikia "hayo tutayamaliza wenyewe", chukua vifaa vyako uage kwa heshima.

Swali, kutoka Makambako: Nitoze vipi? Dalali ananiambia nisubiri asilimia nyumba ikiuzwa.

Usikubali. Nyumba inaweza kukaa miezi, na wewe hushiki bei wala mazungumzo. Tenganisha vitu vitatu kwenye karatasi: vifaa na fundi, ambavyo mwenye nyumba analipa moja kwa moja, kazi yako ya kupanga na kupiga picha, na ukodishaji wa vyombo kwa wiki kama umeleta vya kwako. Pokea nusu kabla ya kuanza na nusu siku unakabidhi picha. Vyombo vyako viandike kimoja kimoja, hadi mto wa kochi, na mwenye nyumba asaini siku vinaingia na siku vinatoka.