Acha kujitukana kimoyomoyo, jaribu hivi

Mi nipo Ngamiani hapa Tanga, nakaanga vitumbua alfajiri, na siku zote nilikuwa najisema vibaya kuliko hata wateja wanavyonisema, kitumbua kimoja kikiungua basi nishajiita mjinga mpaka jua linatoka.

Kwanza jisikilize. Siku nzima kila ukijikandia andika kwenye simu, jioni soma, utashtuka wallahi.

Halafu usikimbilie kioo ukaanza "mimi ni bora kuliko wote". Mwaka 2009 mwanasaikolojia Joanne Wood na wenzake huko Kanada walikuta watu wasiojiamini wakirudia "mimi ni mtu wa kupendwa" wanajisikia vibaya zaidi, si moyo unajua kama unadanganywa! Sema kitu unachokiamini, mfano "kuongea kwenye kikoba bado kunanitisha, ila jana nimeongea na sauti haikutetemeka".

Sasa hii ndo naipenda, jiite jina lako. Ethan Kross wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba ukijisemesha kwa jina lako badala ya "mimi", wasiwasi wa kusimama mbele za watu unapungua. Basi mi jioni nashuka zangu Raskazone, upepo wa bahari unapuliza, najiita jina nililopewa na bibi, "we fulani, kesho unaenda kuomba oda ya harusi, bei unaijua, usiishushe kabla hujaulizwa", wapita njia wanadhani naongea na simu.

Siku ukiharibu, jiambie lile ambalo ungemwambia shoga yako.