Nyumba ya kwanza kwa asiye na mshahara wa mwezi: anza na mkataba wa kazi

Mtu anayeishi kwa kazi za mkataba, awe mfasiri, mbunifu wa michoro au mtengenezaji wa programu za kompyuta, mara nyingi huanza kutafuta nyumba kwa kuzungushwa na dalali Goba, Madale au Kigamboni, jijini Dar es Salaam, na akishapenda mahali ndipo hukaa kupiga hesabu. Ni afadhali kuugeuza utaratibu huo. Kabla ya kuitazama hati ya kiwanja, usome mkataba wa kazi unaokulipa, kwa sababu mwajiriwa hupeleka benki barua ya mwajiri na hati za mshahara, ilhali wewe utapeleka mikataba, taarifa za akaunti na kumbukumbu za kodi. Hata usipokopa, mkataba dhaifu unaweza kukuacha na msingi uliokwisha kuchimbwa na fundi anayedai.

Chukua mfano wa mkopo wa shilingi milioni 60 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, unaolipwa kwa miaka 15. Marejesho yake ni takriban shilingi 840,000 kila mwezi, na hadi unamalizika utakuwa umelipa zaidi ya milioni 151. Tuseme mteja wako mkubwa ni kampuni ya hapa Tanzania inayokulipa milioni 2.5 kwa mwezi. Ikikata kodi ya zuio ya asilimia 5 juu ya malipo ya huduma, yaani kodi ambayo mlipaji huikata kabla ya kukulipa, mkononi utapata 2,375,000, na marejesho yatachukua zaidi ya theluthi ya kiasi hicho kabla hujanunua unga wala kulipia intaneti. Kwa kutazama kiasi peke yake, mtu angeweza kusema inawezekana. Lakini kifungu cha malipo kikisema kwamba utalipwa siku 60 baada ya ankara kukubaliwa, kazi ya Januari, ambayo ankara yake ilipelekwa tarehe 31 na kukubaliwa katikati ya Februari, italipwa katikati ya Aprili. Kama huo ndio mwezi wa kwanza wa mkataba, benki itakuwa imekwisha kudai marejesho ya Januari, Februari na Machi, yaani 2,520,000, na fedha hizo zitakuwa zimetoka katika akiba yako.

Ndiyo maana kiasi cha malipo ni jambo la mwisho kujadili. Kwanza tazama siku za malipo zinahesabiwa kuanzia lini: tarehe ya ankara ni kipimo ambacho pande zote mbili zinaweza kukithibitisha, ilhali kifungu kinachosema utalipwa "mteja akiridhika" kinampa mteja uwezo wa kuchelewesha bila kuvunja ahadi yoyote. Omba kiandikwe kwamba kazi itahesabiwa kuwa imekubaliwa iwapo mteja hatatoa maoni ya maandishi ndani ya siku 10, na kwamba marekebisho ni ya awamu mbili, yakizidi hapo yalipiwe. Pili, tazama nani anaweza kuuvunja mkataba na kwa notisi ya muda gani. Mteja akiweza kukuacha kwa notisi ya siku 7 wakati wewe unatakiwa kutoa siku 30, hapo hakuna usawa, na kwa mtu mwenye deni la nyumba siku 7 ni kama hakuna notisi kabisa. Tatu, kama mkataba unakukataza kufanya kazi na wateja wengine, dai malipo ya chini ya kila mwezi yasiyotegemea wingi wa kazi. Anayetaka kukumiliki peke yake na abebe gharama ya kukulisha. Haki za kazi uliyoitengeneza zihamie kwa mteja baada ya malipo kukamilika, na kifungu cha fidia, yaani kile kinachosema utamlipa mteja kiasi gani akipata hasara, kiwe na kikomo kisichozidi thamani ya mkataba wenyewe. Usisahau kudai cheti cha kodi iliyozuiliwa, kwa kuwa utakihitaji unapofanya hesabu za kodi ya mwaka.

Baada ya hapo ndipo lije swali la kukopa au kujenga kidogo kidogo. Kwa maoni yangu, mtu ambaye zaidi ya nusu ya kipato chake hutoka kwa mteja mmoja asichukue mkopo mrefu wa nyumba mpaka awe na akiba ya marejesho ya miezi sita. Ujenzi unaweza kusimama kwenye linta, ule mhimili wa juu ya milango na madirisha, mwaka mzima ukisubiri kazi mpya, lakini benki haisubiri. Ubaya wa kujenga kwa awamu ni kwamba bei za saruji na nondo nazo hazisubiri, na kodi ya pango unaendelea kuilipa. Ukinunua kiwanja kwa malipo ya awamu kutoka kampuni ya viwanja, usome mkataba wake kwa jicho lile lile: ukichelewa mwezi mmoja unapoteza nini, ukijitoa unarudishiwa kiasi gani, na hati itatoka kwa jina la nani.

Kuhusu ardhi yenyewe, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, katika kifungu cha 64, inataka mkataba wa mauziano uwe wa maandishi, kwa hiyo makubaliano ya mdomo mbele ya dalali hayatoshi. Kwa kiwanja chenye hati, fanya upekuzi katika ofisi ya msajili wa hati ili kujua mmiliki ni nani, miaka mingapi ya hati imebaki, na kama kuna rehani au pingamizi. Kama eneo liko ndani ya kijiji, kama yalivyo maeneo mengi ya Mkuranga na Kisarawe, Halmashauri ya Kijiji ni lazima ihusike. Muuzaji mwenye mwenzi atoe ridhaa ya maandishi ya mwenzi huyo, kwani Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inalinda nyumba ya ndoa. Nenda ukaangalie mahali hapo wakati wa masika, na uulize ofisi ya mipango miji kuhusu hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara; majirani watakueleza maji hufika wapi, jambo ambalo dalali hatalitaja.

Bei iwe kwa shilingi, maana kanuni za mwaka 2025 zinakataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Juu ya bei weka ushuru wa stempu, ada ya wakili, uthamini na uhamisho, na mkubaliane kwa maandishi kwamba kodi ya ongezeko la mtaji, yaani ile inayotozwa kwenye faida ya mauzo, ni ya muuzaji. Ofisi ya mtaa ikitaka ada, uliza msingi wake na udai risiti. Iwapo mkataba wako mkubwa wa kazi unaisha ndani ya miezi sita na mteja hajaandika lolote kuhusu kuuendeleza, lipia upekuzi na uthamini, lakini mauziano usiyasaini bado.