SOMO: Kumtenga na kumtangaza kijidudu mpya anayetoa methani kutoka tope la chumvi

Swali la "nianzie wapi" limeulizwa mno. Jibu lote hili hapa.

1. Kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania) kwanza. Ukichimba ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi, Mtwara, omba na cha hifadhi.

2. Maji yakipwa, chota tope jeusi linalonuka yai viza. Jaza chupa pomoni, ziba.

3. Pima chumvi. Bahari ina kama asilimia 3.5, mashamba ya chumvi huzidi sana. Chakula cha maabara kilingane na hapo.

4. OKSIJENI. Hawa ni arkea, si bakteria, na hewa huwaua. Chemsha chakula, kipoze huku ukipitisha naitrojeni iliyochanganywa na kabonidayoksaidi, kisha tia sisteini na salfaidi zimalize oksijeni iliyobaki, uzibe kwa mpira mnene. Resazurini, rangi ya kuonyesha oksijeni unayotia kwenye chakula, ndiyo shahidi: chupa ikiwa na rangi ya waridi, hata hafifu, USIPANDE KITU. Sindano nayo isukutuliwe kwa naitrojeni kabla ya kila mchomo. Mbegu nyingi hufia hapo. Salfaidi isikutane na asidi, hutoa gesi ya sumu.

5. Walishe trimethilamini au methanoli. Haidrojeni na asetati hunyang'anywa na bakteria wanaotumia salfeti. Ongeza vankomaisini, dawa ya kuua bakteria: huvuruga ukuta wa bakteria, ambao arkea hawana.

6. Zimua mara kumi, tena kumi, hadi abaki mmoja. Rudia.

7. Soma jeni ya 16S, inayotumika kutambulisha vijidudu: ikifanana na ya jamaa wa karibu chini ya asilimia 98.7, dalili njema kuwa ni spishi mpya. Jenomu nzima nayo ifanane chini ya asilimia 95. Kisha mbegu hai iwekwe kwenye hazina mbili za vijidudu, nchi mbili tofauti. Bila hivyo jarida halitapitisha jina.

MASWALI

— Mkuu, methani imetoka, nimpe jina gani?
Bado. Hatua ya 6.

— Yangu ilikuwa waridi kidogo, nikapanda tu. Mbona hakuna gesi?
Soma herufi kubwa.

— Nipo Lindi, kaka. Kwa nini penye chumvi kali sana hubaki hasa wanaokula trimethilamini?
Swali zuri sana, dada. Kuhimili chumvi kunakula nguvu nyingi, na haidrojeni au asetati hazilipi gharama hiyo, trimethilamini inalipa. Tena inapatikana humo humo: viumbe wa chumvi hujikinga kwa kemikali iitwayo betaini, wakifa betaini huvunjwa na kutoa trimethilamini. Tope la mashamba ya chumvi ya kwenu linafaa kabisa kulichunguza.

— Nyongeza: kwenye hadubini ya mwanga wa urujuani wengi wao hung'aa buluu-kijani, kwa sababu ya F420, kimeng'enya-shiriki kilichomo ndani yao.
Kweli, ila wa trimethilamini wengine hung'aa hafifu. Usimtupe kwa hilo.

— Sampuli niigandishe?
Hapana. Baridi ya kawaida, gizani.