Somo: Jinsi ya kuona SDK zote za .NET zilizopo kwenye mashine yako, na ipi ndo inatumika

Wakuu habari zenu. Somo hili limetokana na ujinga wangu mwenyewe. Kuna projekti ilikuwa inakataa kubildi, inaniambia SDK inayotakiwa haipo, basi mimi nikawa nafuta nainstoli upya, nafuta nainstoli upya, mara tatu ndani ya wiki moja, kumbe SDK za kutosha zilikuwepo toka siku ya kwanza na tatizo lilikuwa kwenye kifaili kimoja kidogo ambacho nilishasahau kama nilikiandika mimi. Kwa hiyo kabla hujadaunlodi chochote iulize mashine kwanza.

Kwa wageni kidogo tu. .NET ni jukwaa la Microsoft la kutengenezea programu. SDK ni ule mzigo wa kujengea programu, yani kompaila, templeti na komandi zenyewe. Rantaimu ni ya kuendeshea programu ambayo imeshajengwa. Ukiinstoli SDK unapata na rantaimu yake humo humo, ila ukiinstoli rantaimu peke yake SDK hupati, na hapa watu wengi sana wanaumia.

Hatua ya 1

Fungua terminali, iwe Windows, Mac au Linux ni ile ile, andika

dotnet --list-sdks

Itakuletea kitu kama hiki:

6.0.428 [C:\Program Files\dotnet\sdk]
8.0.404 [C:\Program Files\dotnet\sdk]
9.0.100 [C:\Program Files\dotnet\sdk]

Kushoto namba ya toleo, kulia folda ilipokaa. Usiiruke hiyo folda, tutaihitaji mbele. Ikikwambia komandi haijulikani basi ama hujainstoli, ama umeinstoli lakini terminali ilikuwa wazi kabla, funga ufungue upya kwanza.

Hatua ya 2

Sasa upande wa rantaimu:

dotnet --list-runtimes

Hapa usishangae ukiona mistari mingi kuliko ya mwanzo. Microsoft.NETCore.App ni ya kawaida, Microsoft.AspNetCore.App ni ya mambo ya wavuti, Microsoft.WindowsDesktop.App ni ya programu zenye madirisha na utaiona Windows tu. Namba zake pia hazifanani na za SDK, mfano SDK 8.0.404 inakuja na rantaimu 8.0.11. Ni kawaida, hakuna kilichoharibika.

Hatua ya 3, hii ndo yenyewe

Ingia ndani ya folda ya projekti yako halafu andika

dotnet --version

Hii haikuambii una nini, inakuambia HAPA ULIPOSIMAMA inatumika ipi. Ni maswali mawili tofauti kabisa na mimi nilikuwa nayachanganya. Kama hakuna maelekezo yoyote, inachukua SDK ya juu kuliko zote, hata kama ni ya majaribio. Lakini kukiwa na faili linaitwa global.json, lenyewe ndo linaamua. Na halitafutwi kwenye folda ya projekti tu, linatafutwa kuanzia hapo ulipo kwenda folda ya juu, na ya juu yake, mpaka mwisho. La kwangu lilikuwa limekaa kwenye folda kuu ambayo naweka projekti zangu zote, nililiweka zamani wakati wa majaribio nikasahau, likawa linadai toleo la zamani ambalo nilishalifuta. Mara zote tatu nilikuwa nainstoli toleo jipya zaidi wakati lenyewe linadai la zamani!

Hatua ya 4

Jifunze kuisoma namba. Chukua 8.0.404. Ile 8.0 ni toleo kubwa. Kwenye 404, ile 4 ya mwanzo ni kundi la vipengele, yani tuko kundi la 400, halafu 04 ni marekebisho madogo. Sasa global.json ikiandikwa 8.0.100 bila maelezo mengine, inakubali chochote cha kundi la 100 tu, wewe una 8.0.404 na bado itakwambia haipo! Dawa yake ni kuilegeza:

dotnet new globaljson --sdk-version 8.0.100 --roll-forward latestFeature

Hapo itachukua kundi lolote la 8.0 lililo juu zaidi ulilonalo. Kama global.json lipo tayari usipige hiyo komandi, lifungue tu uongeze "rollForward": "latestFeature" kwa mkono, ndani ya sehemu ya "sdk".

Hatua ya 5

dotnet sdk check

Hii ipo kuanzia SDK ya 6. Inaorodhesha ulizonazo na pembeni inakuambia ipi ina marekebisho mapya na ipi imeshaachwa. .NET 6 kwa mfano ilitoka Novemba 2021 na msaada wake ukaisha Novemba 2024, kwa hiyo ukiiona hapo ujue haipati tena viraka vya usalama.

MASWALI YA WADAU

Mdau: Mkuu asante kwa somo, mimi nikiandika list-sdks inaleta mstari mtupu, haileti erori wala nini, na nina uhakika nimeinstoli jana hii hii.

Jibu: Windows hiyo bila shaka. Komandi hii huwa inaangalia folda ya dotnet inayojibu tu, haizunguki diski nzima kutafuta. Una dotnet mbili, moja ya bit 64 na nyingine ya bit 32 imekaa Program Files (x86), na hiyo ya pili ndo imetangulia kwenye PATH (orodha ya folda ambazo mashine inatafutia komandi), inajiangalia yenyewe inakuta haina SDK inanyamaza. Andika where.exe dotnet uone ipi inatokea juu, malizia na hiyo .exe kabisa, maana kwenye PowerShell where peke yake ni kitu kingine. Halafu ingia kwenye PATH upandishe ile ya C:\Program Files\dotnet iwe juu, ufungue terminali upya.

Mdau: Aisee imekubali kaka, SDK zote zimetokea. Nilikuwa nataka kufomati mashine.

Mdau: Linux je? Nilikuwa na SDK ya 8, nikainstoli nyingine kwa njia tofauti, ya kwanza ikapotea kwenye orodha.

Jibu: Haijapotea, ugomvi ni ule ule. Zikitoka vyanzo viwili zinaweza kukaa folda mbili, moja /usr/lib/dotnet nyingine /usr/share/dotnet, na kila moja inajijua yenyewe tu. Andika ls /usr/lib/dotnet/sdk /usr/share/dotnet/sdk uzione. Ushauri wangu chagua chanzo kimoja ukiondoe kingine, kuishi na vyote viwili utakuja kujuta siku ya kuapdeti.

Mdau: Samahani mwalimu kwa swali la kitoto, nina SDK ya 9 tu, projekti ya ofisini ni ya net8.0, lazima niinstoli SDK ya 8?

Jibu: Siyo la kitoto hilo dada. Kubildi utabildi vizuri tu, SDK mpya inajua kujenga za nyuma. Ila ukija kuirun itadai rantaimu ya 8, kwa hiyo rantaimu peke yake inatosha. Kinyume chake ndo haiwezekani, SDK ya 6 haiwezi kujenga net8.0, itakupa erori NETSDK1045. Ila cheki kwanza kama hiyo projekti haina global.json, maana ikiwepo na inadai 8 basi habari ni nyingine.

Mdau: Na kufuta za zamani? Mimi ninazo kumi na moja, diski inalia.

Jibu: Kumi na moja, hiyo ni familia mkuu 😂. Windows na Mac kuna kifaa kinaitwa dotnet-core-uninstall, unakiinstoli pembeni. Anza na dotnet-core-uninstall list, kisha dry-run ikuonyeshe itakachofuta, ndo baadae remove. Ulizoziweka kwa kufungua zipu hakizigusi, hizo unafuta folda kwa mkono. Linux tumia kile kile ulichoinstolia.

Mdau: Kwa sisi wa Android kuna kitu kama hiki?

Jibu: Kipo, sdkmanager --list_installed. Kama komandi haitambuliki ingia kwenye folda ya SDK yenyewe, cmdline-tools/latest/bin, uipige ukiwa humo. Na wa Java mlio kwenye Mac, kuona Java mlizonazo ni /usr/libexec/java_home -V, hiyo V iwe kubwa.

Mdau: Mkuu nimefuata hadi hatua ya 3, dotnet --version inagoma kabisa inaleta maelezo marefu mekundu.

Jibu: Yasome hayo mekundu usiyaogope. Humo ndani imekuandikia toleo linalodaiwa, global.json ilipo na SDK ulizonazo. Nenda kwenye hiyo njia ya faili ulifungue, halafu rudi hapa uniambie lina namba gani.

Mdau: Lina 5.0.100. Na liko kwenye Desktop, sijui hata nililiweka lini.

Jibu: Karibu chamani. Lifute.