Nash: kuusaka mti uliojificha ndani ya jina la ukoo

Tukisema "Juma wa Mbuyuni", hakuna anayeuliza maana yake. Waingereza wa karne ya 13 na ya 14 walitajana vivyo hivyo: John wa kilimani, John wa kivukoni. Ndiko yalikotoka Hill na Ford. Hayo mepesi. Yanayotoa jasho ni yale yaliyomeza herufi, kama Nash.

Hatua ya 1: Weka kando Kiingereza cha leo.
Pale sisi tunapobandika "-ni" mwishoni, wao walitanguliza "atte", au "atten" mbele ya irabu. Mtu aliyekaa penye mti uitwao ash, ule unaochongwa mipini ya mashoka, aliitwa "atten ash". Litamke mbiombio mara tatu. Umesikia N inavyoteleza na kuganda kwenye neno la pili? Ndiyo Nash hiyo.

Hatua ya 2: Ng'oa herufi ya kwanza uone kinachobaki.
Noakes: inabaki mialoni. Nye: linabaki "eye", yaani kisiwa, au ardhi kavu katikati ya kinamasi. Neno hilohilo likitanguliwa na "atter", umbo jingine la "atte", huzaa Rye. Hata mji wa Rye, Sussex, ulipata jina hivyo. Ila using'oe kila N unayokutana nayo. Newton ni "mji mpya" tu.

Hatua ya 3: Rudi nyuma kwa karatasi.
Anza na sensa ya 1881, shuka hadi ya 1841, kisha daftari za parokia, ambazo ziliamriwa kuandikwa mwaka 1538. Ukibahatika, utafika kwenye orodha za kodi ya kichwa za 1377, 1379 na 1381. Nakili kila tahajia kama ilivyo. Nilipoanza kazi hii nilikuwa "nasahihisha" makarani, nikawa nafuta ushahidi kwa mkono wangu mwenyewe. "Atte Nasshe" si kosa, ndicho unachokitafuta.

Hatua ya 4: Fungua ramani.
Buckinghamshire kuna kijiji kiitwacho Nash, chenye asili hiyohiyo. Basi huenda babu hakukaa penye mti wowote, alihama tu kutoka kijijini. Ukikuta "de" (yaani "wa" au "kutoka" kwa Kilatini) badala ya "atte", shuku kijiji, ingawa makarani wa Kilatini walizichanganya.

Mteja atauliza kama akina Nash wote ni ndugu. Miti hiyo ilikuwa mingi mno, na jina likazuka huku na kule bila undugu. Mwambie kabla hajalipa.