SOMO: Umeinua pikapu, matairi makubwa yanakwaruza. Tafuta yanapogusa kabla hujashika grenda

Wakuu, naandika hili mara moja basi, maana kila wiki swali ni lilelile: nimeinua Hilux inchi mbili, nimefunga matairi ya 285/70R17, inakwaruza, niinue tena? Hapana. Kuinua kunaongeza nafasi gari ikiwa imesimama, ila ukiingia shimoni springi ikabonyea yote tairi linapanda mpaka palepale lilipokuwa linafika zamani, kwa sababu kinacholizuia ni ile raba ya kugota na mara nyingi fundi hajaigusa. Piga hesabu: tairi la zamani la 265/65R17 lina kipenyo cha mm 776, hili la 285/70R17 lina 831. Yaani juu, mbele na nyuma tairi limeongezeka kama sm 2.7, na fenda ni ileile.

Naongelea Hilux za Vigo na Revo, za 4x4. Wengine mtajiongeza.

1. Osha ndani ya fenda.

2. Jaza upepo sawasawa.

3. Sikiliza inakwaruza LINI. Ukikata kona mwendo mdogo, ni mbele au nyuma ya tairi. Ukipiga tuta umenyooka, ni juu. Ukipakia mzigo tu, angalia nyuma kwenye springi za majani.

4. Paka chaki mabega ya tairi, kata stelingi mwisho kushoto na kulia, kwenda mbele na rivasi pia. Rivasi msiiruke, ukishika breki ukiwa unarudi nyuma bushi (zile raba za kwenye viungo vya mikono ya gurudumu) zinaliachia gurudumu kusogea mbele kidogo, kona ya bampa ndio inaguswa hapo.

5. Bonyeza springi mpaka mwisho. Hapa ndio watu wanaharibu. Mtu anapiga jeki chini ya chesisi, gurudumu linaning'inia, analizungusha haligusi popote, anaenda zake, kumbe amepima kinyume kabisa. Njia ya uhakika ni hii: weka stendi chini ya chesisi (stendi, sio tofali), toa gurudumu, fungua linki ya stabilaiza (ile fimbo inayounganisha magurudumu ya kushoto na kulia), halafu toa shokapu pamoja na springi yake kama kitu kimoja, nati tatu za juu na bolti ya chini. ILE NATI YA KATIKATI USIIGUSE. Springi imebanwa pale, ikifyatuka inaua mtu. Na mkono wa chini (gurudumu linashikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini) uutegemeze usiachie ukaning'inia ukavuta paipu ya breki na waya wa ABS. Rudisha gurudumu, weka jeki chini ya mkono, pandisha taratibu mpaka ugote kwenye raba, mwenzako akate stelingi mwisho hadi mwisho. Wewe tumia macho, vidole viweke mfukoni. Kama huna vifaa tafuta mtaro, uuvuke kwa pembe polepole mpaka tairi moja la mbele libonyee, na anayetazama akae mbali.

6. Soma alama. Bampa au ukingo wa fenda: rimu imetoka nje sana. Kile chuma kinachoshikilia kebini nyuma ya tairi: anza na alaimenti, mwambie fundi aongeze kasta (ule mlalo wa mhimili wa stelingi kwenda nyuma), gurudumu linasogea mbele. Mkono wa juu: rimu imeingia ndani sana. Plastiki tu: ipashe moto uivute nyuma. Kukata chuma ni mwisho, na ukikata kile cha kebini lazima kichomelewe kipande cha kukifunga, kisiachwe wazi.

MASWALI

Mdau wa Mbeya: Mkuu sijasoma yote, yangu inakwaruza, nifanyeje?

Jibu: Soma yote.

Mdau wa Dodoma: Nimeweka spesa (vipande vya kati ya rimu na habu) za sm 3, kukwaruza kumezidi. Fundi alinihakikishia.

Jibu: Ilikuwa inagusa wapi kabla? Hujasema. Spesa inatoa tairi nje, likikata kona linazunguka duara kubwa zaidi. Kama lilikuwa linagusa bampa, umelisogeza lilifikie vizuri.

Mdau wa Dodoma: Kwa hiyo kuinua ni ujinga?

Jibu: Wapi nimesema hivyo? Rudi hatua ya 4.

Dada wa Moshi: Samahani kaka, mimi mbele kushoto nasikia ta-ta-ta nikikata kona huku nakanyaga mafuta, ila chaki haijafutika hata kidogo.

Jibu: Asante dada, wewe umefanya kazi. Hilo sio tairi. Tairi linakwangua kwaruuu, au linapiga mara moja kila mzunguko. Ta-ta-ta ya mfululizo unapokanyaga mafuta ni sivi jointi, kile kiungo cha shafti inayozungusha gurudumu la mbele. Ingia chini uangalie buti, ile raba inayofunika jointi, kama imechanika na grisi imetapakaa. Gari ikiinuliwa ile shafti inakaa kwa pembe kali zaidi, buti zinaisha haraka. Ikiwa ni buti tu na jointi haijaanza kulia unabadilisha buti na grisi, ila kwa sauti hiyo jiandae na jointi.

Mdau wa Ifakara: Kiangazi haigusi kabisa, masika inakwaruza. Hii imekaaje?

Jibu: Swali zuri sana. Tope la mfinyanzi linajaa ndani ya fenda na kuganda, ile nafasi inaliwa. Tairi linasaga tope. Acha nafasi ya ziada kama unapita huko, na toa tope kila siku maana likikauka linashika nyaya.

Mdau wa Arusha: Mimi nina Land Cruiser mkonga, pikapu 79. Hatua ni hizihizi?

Jibu: Chaki na mtaro ndiyo. Hatua ya 5 hapana, mbele una ekseli nzima. Kata stelingi mwisho uone kama tairi linagusa ile mikono mirefu inayoshika ekseli. Pale kwenye nako (chuma kinachogeuka na gurudumu) kuna bolti ya kuzuia stelingi, itoe nje kidogo, utapoteza kona kiasi tu.

Mdau wa Tanga: Spidi je?

Jibu: Dashibodi ikisoma 80 wewe uko kama 86. Trafiki hatakuelewa.

Mdau wa Tanga: Na tairi la spea? Langu halikai chini ya bodi.

Jibu: Jaribu kulitoa upepo kwanza. Likigoma, weka juu kwenye bodi na ulifunge kwa mnyororo na kufuli, wa kamba wameshalizwa wengi.